Kukomaza tangi jipya la samaki Mtwara na Lindi: mbolea ya SA, kamba wa baharini, sponji ya kuazima au samaki wenyewe?

Kabla ya kuamua njia, chungulia ndani ya birika la chai. Kama chini kuna ganda jeupe lililoshika, maji yako yana karbonati. Kama birika la miaka mitatu bado linameta, hayana, au yanayo kidogo mno. Wengi wakilinganisha njia za kukomaza tangi huanza na muda: ipi ya wiki mbili, ipi ya wiki sita. Huku kwetu hali ya hewa imeshajibu nusu ya swali hilo. Maji ya sebuleni Mtwara au Lindi hukaa nyuzi 24 hadi 29 karibu mwaka mzima, na bakteria tunaowataka hawadai zaidi ya hapo. Hita ni kupoteza hela. Kinachotofautisha nyumba na nyumba ni maji yenyewe, na ndiyo yanayopaswa kukuchagulia njia.

Kwa ufupi, kinachokomaa si maji. Ni utando wa bakteria kwenye sponji ya chujio, kokoto na kuta. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu, na chakula kilichobaki huoza kikaongeza nyingine. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Makundi haya huzaana polepole, la pili likichelewa kuliko la kwanza. Hapo katikati ndipo samaki wa wiki ya kwanza hufa kwenye maji yanayong'aa kama kioo.

Maji uliyonayo

Maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya pwani, yale mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za kale za Mikindani, kwa kawaida huwa na karbonati ya kutosha na pH (kipimo cha uasidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi) inayokaribia 8. Bakteria huyapenda. Kasoro yake ni mbili. Visima vya karibu na bahari huwa na chumvichumvi. Gapi na moli watavumilia, samaki wengine hawatavumilia. Na kisima kifupi kilicho jirani na choo cha shimo kinaweza kuwa na nitrati tangu mwanzo, kwa hiyo yapime maji ya kisima chenyewe kabla hujalaumu tangi.

Maji ya bomba hutegemea chanzo cha mtaa wako, ila kwa kawaida yana jambo moja la kushughulikia: klorini, ambayo huua bakteria unaowafuga. Yaache kwenye ndoo pana saa 24 hadi 48 huku pampu ya hewa ikiyachemsha kwa mapovu, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji yaliyotiwa vidonge vya kutibu maji ya kunywa usiyaguse kabisa.

Maji ya mvua ndiyo yanayowachanganya watu, hasa wa juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako mvua imekuwa ndiyo chanzo cha nyumba nyingi. Ni masafi machoni, ila karbonati yake ni karibu sifuri. Bakteria wakila amonia hutoa asidi, na karbonati ndiyo inayoizima asidi hiyo. Hesabu yake ni hii: kila miligramu 2 za amonia kwa lita zikiliwa, hupotea karibu theluthi mbili ya digrii moja ya ugumu wa karbonati, ile inayoandikwa KH. Maji ya mvua yenye KH 1 yanamaliza akiba baada ya kiasi hicho mara moja na nusu. pH inaporomoka chini ya 6.5, bakteria wanapunguza kazi, chini ya 6 karibu wanasimama. Mwenye tangi anaona amonia haishuki wiki ya tatu, anaongeza chupa ya bakteria, haishuki. Wakati kilichokosekana ni kijiko cha bekingi soda.

Mvua iliyokaa kwenye kisima cha saruji huwa afadhali kuliko ya simtanki, kwa sababu saruji huachia karbonati na plastiki haiachii kitu. Angalia pia paa. Bati la zinki likiwa jipya hutoa zinki, ambayo kwenye maji laini ni sumu kwa samaki. Na mwenye mikorosho karibu asivune mvua za kwanza za Novemba au Desemba: paa limebeba salfa ya unga iliyopulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, msimu mzima wa maua. Acha mvua mbili tatu kubwa zilioshe kwanza.

Kurekebisha KH ni rahisi. Kwa tangi la lita 60, gramu 1.8 za bekingi soda huongeza digrii moja. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, karibu gramu 5, huongeza karibu tatu. Lenga KH 4 hadi 6. Isiwe bekingi pauda, wala magadi ya maharage: magadi ni makali na hupandisha pH kwa kuruka. Makombe makavu ya ufukweni yaliyooshwa na kuvunjwavunjwa, kiganja kimoja ndani ya mfuko wa wavu, yataendelea kuachia karbonati taratibu baadaye. Matumbawe yaliyo hai yaache baharini.

Njia nne, kando kwa kando

Hesabu zote hapa ni za tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 40, ambalo ukitoa kokoto na nafasi ya juu hubeba karibu lita 60.

| Njia | Muda kwa nyuzi 26–29 | Unachohitaji | Inapoharibikia |
|---|---|---|---|
| Mbolea ya SA | wiki 3–5 | SA, bomba la sindano, kipimo cha matone | KH kuisha. Dozi kubwa mno |
| Kamba mbichi | wiki 4–6, pengine zaidi | kamba mmoja, soksi ya nailoni | huwezi kujua dozi; harufu |
| Sponji iliyokomaa | siku chache mpaka wiki 1 | mtu mwenye tangi lenye afya | sponji kukauka au kukosa hewa, magonjwa |
| Samaki wenyewe | wiki 4–8 | kipimo kila siku, maji ya kubadilisha | pH ya 8 na zaidi |

SA au kamba?

Hizi mbili zinafanana: zote hukomaza tangi lisilo na samaki. Tofauti ni udhibiti, na kwa udhibiti SA inashinda kwa mbali.

SA ni ile salfeti ya amonia, chembe nyeupe kama sukari, inayopatikana maduka ya pembejeo. Usichukue CAN, kwa sababu nusu ya naitrojeni yake tayari ni nitrati. Usichukue DAP wala NPK. Fosfati yake italisha mwani mpaka kioo kigeuke kijani. Urea inafaa, ila bakteria wengine lazima waivunje kwanza, hivyo kipimo kitakuonyesha amonia siku kadhaa baadaye. Mwenye haraka hutia dozi ya pili akidhani ya kwanza haikufanya kazi, kisha zote mbili zinaibuka pamoja.

Yeyusha gramu 10 za SA kwenye lita moja ya maji. Asiye na mizani ya gramu atumie vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, kipimo kitamsahihisha. Andika kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika na uiweke mbali na watoto, maana inafanana na maji ya kunywa. Mililita 46 za mchanganyiko huu, zilizopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, huipeleka lita 60 kwenye amonia ya miligramu 2 kwa lita.

Baada ya dozi ya kwanza, tulia. Amonia hukaa palepale siku 7 hadi 12, kisha huanza kushuka na nitriti hujitokeza. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuongeza dozi kamili kila siku. Miligramu 2 za amonia zikigeuka zote huwa miligramu 5.4 za nitriti, yaani dozi moja tu inatosha kukupeleka juu ya rangi ya mwisho ya kadi nyingi za kipimo. Ukirundika dozi tano, utakaa wiki mbili ukitazama zambarau ileile bila kujua kama inapanda au inashuka. Tia mililita 23 tu, kila baada ya siku mbili, na pale tu amonia ikiwa imeshuka karibu na sifuri. Nitriti hukaa juu siku nyingi halafu huanguka ghafla, mara nyingi ndani ya siku mbili.

Mtihani wa mwisho ni mmoja: tia mililita 46, na baada ya saa 24 amonia isome 0 na nitriti isome 0. Rudia kesho yake. Ikifaulu mara mbili, badilisha asilimia 70 hadi 80 ya maji ili kupunguza nitrati, kwa kuwa kila dozi kamili huacha nyuma zaidi ya miligramu 7 za nitrati kwa lita. Samaki waingie kesho yake. Wakichelewa, endelea kutia mililita 10 kila siku mbili. Bakteria wasiolishwa hupungua.

Kamba ni njia ya asiye na kipimo cha maana wala duka la pembejeo jirani. Mmoja mbichi wa gramu 5 akioza wote anaweza kutoa karibu miligramu 3 za amonia kwa kila lita ya tangi hili. Wa gramu 10 huzidi 6, na hapo umeshavuka kiasi. Mfunge kwenye soksi ya nailoni ili umtoe kipimo kikifika 2. Usitumie dagaa mkavu: huacha mafuta juu ya maji na mara nyingi ana chumvi. Na harufu ya siku ya nne si ya kuizoea. Tangi la sebuleni la nyumba yenye wageni lisipitie njia hii. Chakula cha samaki cha kunyunyiza hufanya kazi ileile taratibu zaidi, na huacha uchafu chini ambao utaendelea kutoa amonia hata baada ya kudhani umemaliza.

Kwa njia zote mbili, tangi lisilo na samaki ni kitalu cha mbu. Kipande cha chandarua juu yake kinatosha.

Sponji ya kuazima

Hii ndiyo ya kwanza kuitafuta. Kama kuna mtu ana tangi lililokaa miezi sita na zaidi bila misiba, muombe aweke sponji yako mpya ndani ya tangi lake kwa wiki nne, ikivuta hewa kando ya yake. Ukimhamishia yeye sponji mpya na kuchukua ya zamani nzima, utamwacha na tangi changa. Nusu kwa nusu ni uungwana. Kukamua maji machafu ya sponji yake ndani ya tangi lako husaidia kidogo tu, kwa sababu bakteria wenyewe wameng'ang'ania kwenye sponji.

Usafiri ndio unaoiua. Kutoka Lindi hadi Mtwara si safari ndefu, lakini sponji iliyozamishwa kwenye mfuko uliojaa maji na kufungwa hukosa oksijeni njiani. Ikamue kidogo ibaki na unyevu, iweke kwenye mfuko wenye hewa nyingi, uibebe mkononi kivulini, na uiwashe siku hiyohiyo kwenye maji yasiyo na klorini. Buti la basi saa saba mchana si mahali pake. Hali hiyohiyo huzikuta chupa za bakteria zinazouzwa: viumbe walio hai ndani yake hufa kwa joto, na chupa iliyotoka Dar es Salaam kwenye buti hufika ikiwa na lebo nzuri na bakteria wachache. Chupa ni ya kusaidizia njia nyingine. Usiitegemee peke yake.

Sponji ikifika, samaki wachache waingie siku ileile au kesho yake, kwa sababu idadi ya bakteria inalingana na mzigo waliozoea. Kabla ya kuikubali, tazama samaki wa mwenyewe: madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini, mapezi yaliyofumbatana, au kujisugua kwenye kokoto ni sababu ya kukataa kwa adabu.

Kuanza na samaki

Tusingeishauri, ila kuna anayepewa zawadi ya gapi wanne ndani ya mfuko bila kutarajia, na hana pa kuwaweka. Kwa huyu, pH ndiyo kila kitu.

Amonia ambayo kipimo huonyesha ni jumla ya aina mbili: amonia huru, ambayo ni sumu kali, na amoniamu, ambayo ni nafuu sana. Kwa maji ya nyuzi 28, amonia huru ni karibu asilimia 0.2 ya jumla pH ikiwa 6.5, asilimia 0.7 kwa pH 7, asilimia 2 kwa pH 7.5, na asilimia 6.5 kwa pH 8. Maana yake namba ileile ya 1 kwenye kadi, kwa maji ya kisima cha mawe ya pwani, ni mbaya karibu mara kumi kuliko kwa maji ya pH 7. Maji yanayowapendeza bakteria ndiyo yanayowachoma samaki.

Halafu kuna mtego wa maji ya mvua. Samaki wanaonekana wazima kwenye pH 6, huku amonia ikijikusanya hadi 3 au 4 kwa sababu bakteria wamelala. Mwenyewe anaamua kubadilisha nusu ya maji kwa ya kisima. pH inapanda hadi 7.5 ndani ya dakika chache, amoniamu inageuka amonia huru, na samaki wanaanza kuhema juu ya maji siku ileile aliyowafanyia usafi. Ikikukuta hali hiyo, badilisha lita 5 hadi 6 kwa mkupuo, mara tatu nne kwa siku, kwa maji ya mvua yaleyale kwanza, mpaka amonia ishuke chini ya 0.5. KH ipandishwe baadaye, kidogokidogo.

Mpango wenyewe: samaki wadogo wanne au watano, si zaidi. Chakula kidogo siku moja, siku ya pili hakuna. Pima kila asubuhi. Kwa pH chini ya 7.5, badilisha theluthi moja ya maji amonia na nitriti zikifika 0.5 kwa jumla. Kwa pH 8 usisubiri zaidi ya 0.25. Chumvi husaidia dhidi ya nitriti, kwa kuwa kloridi huizuia kuingia kupitia mashavu: gramu 6 za chumvi ya kawaida, kijiko kimoja cha chai, kwa lita zote 60. Dhidi ya amonia haifanyi kitu.

Karatasi au matone?

Karatasi za kupimia ni rahisi na za haraka: chovya, subiri, linganisha rangi. Tatizo la kwanza ni kwamba karatasi nyingi za vipimo vitano, zikiwemo za kampuni ya API, hupima pH, KH, ugumu wa jumla, nitriti na nitrati. Amonia haimo. Kwa kukomaza tangi, ni kama mizani isiyopima uzito. Tatizo la pili ni unyevu wa pwani. Kopo likiachwa wazi dakika chache, au kidole chenye maji kikiingia, karatasi zilizobaki hubadilika rangi zenyewe kwa siku chache. Karatasi zina faida moja ambayo matone, yaani dawa za kudondosha kwenye mrija wa maji, hayana: KH imo. Kisanduku kikuu cha API cha maji baridi kina pH ya chini na ya juu, amonia, nitriti na nitrati, lakini KH huuzwa peke yake.

Kwa hiyo mwenye maji ya kisima anunue matone tu. Mwenye maji ya mvua anahitaji matone pamoja na chupa ya KH, au matone na kopo dogo la karatasi. Kisanduku ni ghali kuliko kopo la karatasi 25, ila kinatangazwa kutosha vipimo zaidi ya 800.

Matone nayo yana makosa yake. Amonia: mililita 5 za maji, matone 8 ya chupa ya kwanza, matone 8 ya pili, tikisa sekunde 5, subiri dakika 5. Chupa ishikwe wima kabisa. Ikiinama tone hutoka dogo. Nitriti: mililita 5, matone 5, dakika 5. Nitrati ndiyo inayoharibiwa zaidi. Chupa yake ya pili hujitenga na kuganda chini, kwa hiyo itikise kwa nguvu sekunde 30 kabla ya kutia matone 10, kisha tikisa mrija dakika nzima. Ukiruka hatua hizo utasoma 0 kwenye maji yenye 40. Tena kipimo cha nitrati hufanya kazi kwa kuigeuza iwe nitriti kwanza, hivyo maadamu nitriti bado iko juu, namba ya nitrati si ya kuamini. Usiipime mpaka nitriti ifike sifuri, okoa matone.

Nitriti ikigota rangi ya mwisho, chukua mililita 1 ya maji ya tangi, ongeza mililita 4 za maji ya kunywa ya chupa, pima, zidisha kwa 5. Rangi isome mchana karibu na dirisha, mrija ukigusa karatasi nyeupe. Taa ya njano hugeuza manjano ya amonia 0 ionekane 0.25. Na kile kikalamu cha TDS kinachouzwa kila mahali hupima jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Hakijui amonia.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, chujio la sponji lililo wazi ndani ya tangi huvumilia saa nyingi kuliko chujio la kopo lililofungwa, ambalo maji yake yaliyosimama huishiwa oksijeni, na maji ya nyuzi 28 hubeba oksijeni kidogo tangu mwanzo. Pampu ndogo ya hewa inayotumia pawabenki humaliza tatizo. Kama una chujio la kopo na umeme umekatika nusu siku, usiliwashe hivyohivyo: fungua, mwaga maji yaliyooza, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, ndipo uwashe. Kisha pima amonia jioni hiyo na kesho yake asubuhi kabla ya kuwapa samaki chakula.